Safi ya Mafundi

Nakumbuka siku moja kule Kizota, mwanangu, siku ambayo hadi leo nikiisimulia naangalia chini. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, najiona najua kila kitu. Kazi yetu ilikuwa kuchimba visima vyembamba kwenye viwanja vya watu, tujue mafuta machafu yaliyomwagwa na gereji kwa miaka mingi yamesambaa mpaka wapi huko chini. Kila tulipokuta maji tulisimamisha mtambo, tukayavuta kwa pampu mpaka tope la kuchimbia liishe, ndipo nijaze chupa za maabara. Tope likiisha fundi alipaza sauti, "Safi!" Kwetu maana yake ilikuwa moja tu: leta chupa.

Kiwanja kile kilikuwa cha Mama Yudita, mama mtu mzima wa Kigogo. Bomba la mtaani lilikuwa halijatoa maji kwa siku kadhaa. Akaja na ndoo, akaniuliza, "Mwanangu, haya maji ni safi kweli?"

Nilikuwa nimeinama naandika lebo. Sikumwamkia, wala sikugeuka. "Safi, mama, safi kabisa," nikamjibu, ili aniache nifanye kazi. Akakinga maji ya pampu, akaondoka na ndoo yake.

Nilipomaliza kufunga chupa nikajifuta jasho, mkono ukaninukia petroli. Harufu kidogo tu, lakini niliielewa. Nikakimbilia jikoni kwake. Nilimkuta mkwewe, aliyekuwa akinyonyesha, ameshika kikombe kitupu.

"Nimesikia kaharufu," akaniambia, "ila si mmesema wenyewe ni safi?"

Nikaanza kueleza kwamba safi ya mafundi si safi ya kunywa. Jamani, nilijiona mjinga hata kabla sijamaliza kusema. Mama Yudita, aliyesimama kando ya ndoo yake, alinisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Nilikuja kukuuliza wewe kwa sababu mimi sijui," akasema. "Ukanijibu umenipa mgongo."

Akainua ndoo aimwage, akasita. "Sasa nimwage wapi, baba?"

Angemwaga pale uani, yangerudi kulekule chini. Nikaipokea ile ndoo, nikaipakia kwenye gari pamoja na chupa zangu, nikimkwepa macho. Mkwewe tulimpeleka hospitali na mwanawe. Hawakukutwa na shida, namshukuru Mungu. Lakini aibu ile ninayo bado.

Mwanangu unayesoma pale chuoni Chimwaga, kesho nawe utakuwa na maneno yako ya kazini, nayo utayazoea mpaka usahau kwamba wengine wanayaelewa vingine. Mtu akikuuliza kuhusu kitu kitakachoingia tumboni mwake, weka kalamu chini. Geuka, mwamkie, muulize anataka kukifanyia nini, ndipo umjibu. Kama hujui, mwambie hujui. Hilo halikupunguzii kitu.

Mungu akujalie elimu yako, na akupe shingo nyepesi ya kugeuka unapoitwa.