Nilimfundisha mbwa kunusa stresi, akaniumbua ukweni Mwazye

Wakuu salaam. Chumvi pekee iliyomo humu ni ile ya kwenye dagaa aliokula mbwa.

Mchumba wangu Sesi ni mwalimu hapa mjini, Katandala. Ana tatizo la wasiwasi: linamshika ghafla, anatetemeka, pumzi zinakata.

Nikasoma mtandaoni kwamba mbwa anaweza kufundishwa kunusa jasho la mtu mwenye stresi, akamtahadharisha mapema. Nikasema mbona ninaye Bosi, koko wangu, kazi yake kulala tu.

Trening ikaanza. Naweka leso mbili: moja Sesi kajifutia akiwa ametulia, nyingine akitoka kukaguliwa darasani. Napiga makofi mawili, Bosi ananusa. Akiweka mguu kwenye ile ya stresi, anakula dagaa. (Majirani walishaniona nimechanganyikiwa.)

Mwisho akawa anamgusa Sesi mwenyewe kabla hajaanza kutetemeka.

Ikafika siku ya kujitambulisha ukweni, Mwazye. Sesi akagoma kwenda bila Bosi. Na baba yake alishatuma neno kwamba hana binti wa kuoza mjini. Yaani nilikuwa naenda kukataliwa, roho mkononi.

Sasa wakuu, mnajua Ufipa mkwe anasalimiwaje. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu.

Nikachuchumaa, nikapiga.

Loh! Bosi akaingia kazini.

Akamnusa mama mkwe. Akamnusa mshenga. Mimi niliyelowa jasho akanipita. Akaenda kuweka mguu kwenye goti la mzee.

Mzee akauliza huyu mbwa anataka nini. Nilitamani kuyeyuka.

Sesi akainamisha kichwa. "Baba, anafanya hivyo kwa mtu mwenye hofu."

Mzee akamtazama Bosi weee. "Hajakosea," akasema. "Nina binti mmoja tu. Akizidiwa huko mjini, nani atajua?"

"Huyo huyo, baba," Sesi akajibu, akimwonyesha Bosi.

Mzee akaomba dagaa, akamlisha kwa mkono wake. Harusi ni baada ya mavuno, wakuu, nina furaha mpaka naona aibu.

Ila kwa nini alinipita? Sesi anasema trening yote nilikuwa namuwaza baba yake, kwa hiyo Bosi anajua ile ndiyo harufu yangu ya kawaida.

Funzo: kama unaoa Ufipa, usimfundishe mbwa kwa makofi. Wafugaji, nipeni ishara nyingine haraka, maana siku ya harusi ukumbi mzima utapiga.