Mbuzi wa Mgonjwa

Mzee Isidori, muuza vitenge wa jumla pale Msimbazi, alipasuliwa moyo akarudi nyumbani Ilala na mshono mrefu kifuani, anaomwonyesha hata asiyeuliza. Kilichogoma kurudi ni nguvu. Akisimama lazima ashike ukuta, na kidonda nacho kinasuasua kufunga.

Daktari alimweleza polepole. Kwenye damu kuna asidi amino, ndizo zinazounda protini, na mwili huzitumia kujenga misuli na kufunga vidonda. Operesheni ile ilizishusha, kwa sababu mwili ulizichota kwa wingi ili kujitengeneza.

"Zako ziko chini sana, mzee. Kula nyama, samaki, mayai, maharage. Usipokula, kidonda kitatusumbua, na dukani usahau."

Isidori si mtu wa kusahau duka. Siku hiyohiyo akaagiza mbuzi.

Hapo ndipo ugonjwa ulipokutana na ukoo. Harufu ya nyama choma ilipotoka tu uani, watu wakaja kumpa pole: mdogo wake Rogath, mashemeji, na majirani wa jumuiya ya kanisani ambao hawakuwahi kuonekana hospitali. Kwa desturi ya kwao, mkubwa wa ukoo ndiye mshika kisu, na kila kipande kina mwenyewe. Kidari cha huyu, mguu wa yule. Mkataji anayejiheshimu hajipendelei. Isidori, anayependa heshima kuliko dawa, akakata, akagawa, akasifiwa, akabaki na bakuli la mtori, ile supu ya ndizi na nyama, lake likiwa na ndizi tupu. Mbuzi aliyefuata mambo yakawa yaleyale, na aliyemfuata huyo pia. Wageni walinawiri ajabu. Rogath alikuwa ameanza kulegeza mkanda.

Vipimo viliporudiwa, asidi amino zilikuwa zimeshuka zaidi.

"Nyama unakula kweli?" daktari akashangaa.

"Kwangu haikosekani, daktari," Isidori akajibu, na hilo halikuwa uongo. Lakini njiani kurudi nyumbani aliogopa kufa, akaona haya kumwambia mkewe aliyekuwa amemshika mkono.

Jumapili wakajaa tena. Isidori akashika kisu, kidari kikamponyoka kikaanguka kwenye sinia.

"Kaka, hicho changu," Rogath akamkumbusha kwa upole.

Euphrasia, mkewe, akatoka jikoni akampokonya mumewe kisu. Mwanamke kushika kisu cha ukoo! Shemeji mmoja akapaliwa na bia.

"Shemeji Rogath, pole mmetoa mpaka mmenenepa," Euphrasia akasema. "Leo anakula mgonjwa." Akakata kipande cha kidari, akamgeukia mumewe. "Baba Nice, fungua mdomo."

Isidori akautazama ukoo wake, heshima yake yote ya miaka imekaa pale kwenye viti vya plastiki, imekunja uso. Akafungua mdomo. Akatafuna huku machozi yakimtoka, ya aibu na ya utamu, akameza, akaufungua tena.