Bima Mbili za Turubai

Kuongea mbele za watu naona haya, kwa hiyo naandika. Mama Zaina, anayekodisha maturubai hapa Korogwe, alinituma nikabadilishe bima inayolipa turubai likiharibu mali ya mtu. Ya zamani iliisha Ijumaa. Mpya nikaomba ianze Jumatatu, maana wikiendi ofisi zimefungwa, nikaamini bima nayo hupumzika.

Jumamosi, harusini Misima, nguzo yetu ilianguka ikapasua kioo cha gari la mjomba wa bwana harusi. Ile haya yangu yote ikanitoka. Nikaruka katikati ya wageni nikimpungia mjomba huyo karatasi mbili za bima.

“Shikamoo mzee. Usihofu, tuna bima mbili.”

“Marahaba.” Akavaa miwani, akasoma taratibu. “Hii imekufa jana, mwanangu. Na hii inazaliwa keshokutwa. Leo mmekuja na nini?”

Nikageuka nikimbie, nikakutana uso kwa uso na Mama Zaina.