Siku Niliyosema Nipo Njiani

Kazi yangu ni kurudisha watu. Ndivyo meneja alivyonieleza siku ya kwanza nilipokaa kwenye dawati la kupokea maombi ya vyumba, katika hoteli ya hapa Moshi ambayo ni moja kati ya kadhaa za kampuni yetu. Mgeni wa ng'ambo anayetaka kupanda mlima hatutafuti sisi. Anafungua tovuti ya wakala, anakuta hoteli zote za mji zimepangwa kama mafungu ya nyanya pale sokoni Pasua, anabonyeza moja, na wakala anakata chake kabla sisi hatujatandika hata kitanda. Jambo hilo liliwachoma sana wakubwa wa makao makuu. Tukaagizwa kwamba kila aliyekuja kwa wakala ashawishiwe, ili safari nyingine atutafute wenyewe.

Nilikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu. Wenzangu waliwaachia wageni vikadi vyenye namba ya simu, vikaishia kwenye ndoo za taka. Mimi niliongea nao. Niliwaambia, "Kule kwenye tovuti hakuna mtu. Ukipata shida utajibiwa na mashine. Hapa nipo mimi." Nililisema hilo mara nyingi mpaka nikaliamini.

Bibi yangu, aliyenilea Machame wakati mama akihangaika na biashara zake Holili, hakuielewa kazi hii hata kidogo. Siku moja alikuwa anaponda ndizi za mtori, akaniuliza, "Kwa hiyo mnagombea wageni na simu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi poleni sana," akasema, akaendelea kuponda.

Aliyenipa sifa ofisini ni mzee mmoja mstaafu wa Ulaya, aliyeleta kikundi cha wapanda mlima kila mwaka, na miaka yote akipitia kwa wakala. Nilimwandikia kwa miezi. Nilimuuliza hali ya goti lake, nikampelekea picha za theluji ilivyopungua. Mwishoni akakubali kuja kwetu moja kwa moja, ila akauliza, "Siku tutakapofika, utakuwepo wewe mwenyewe?" Nikamjibu kwamba nitakuwepo. Meneja aliusoma ujumbe ule kwenye kikao, watu wakapiga makofi.

Wiki ya kikundi kufika, bibi akafariki. Mazishi yakapangwa Alhamisi saa saba mchana, na kikundi kilikuwa kitue Alhamisi hiyo hiyo asubuhi. Nataka niliseme hili wazi, maana nimeshawahi kulisimulia vingine: hakuna aliyenizuia. Meneja mwenyewe aliniambia, "Dada, nenda kwenu. Hawa tutawapokea sisi." Ni mimi niliyesema hapana, nitawapokea saa tatu, na kabla ya saa sita nitakuwa nyumbani.

Na nyumbani nilikuwa na kazi. Kwetu mjukuu wa kwanza ndiye anayetangulia mbele ya jeneza akiwa ameshika msalaba wenye jina la marehemu, kutoka uani mpaka kaburini, pale pale kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Mjukuu wa kwanza wa bibi ni mimi.

Ndege ikachelewa. Saa sita mama akapiga simu. "Uko wapi, mwanangu?"

"Nipo njiani, mama."

Saa saba akapiga tena. "Umefika wapi? Mchungaji ameshakuja."

"Nimefika njia panda ya Machame."

Nilikuwa nimesimama mapokezi, nimevaa sare, kibandiko cha jina kifuani, wenzangu wakipokea wageni wengine nyuma yangu. Sisi sote husema hivyo. Fundi yuko njiani, mwalimu yuko njiani, bwana harusi mwenyewe yuko njiani na bado anaoga. Sikuhesabu kwamba nimesema uongo. Niliona nimeomba dakika chache.

Walifika saa nane. Yule mzee akanishika mikono yote miwili, akawageukia wenzake, akawaambia, "Mnaona? Niliwaambia atakuwepo." Nikafurahi. Hilo ndilo ninaloshindwa kujisamehe, kwamba kwa dakika ile moja nilifurahi kabisa.

Nilipofika Machame kina mama walikuwa wanakusanya sahani. Kaburi lilishafukiwa, mashada yameshawekwa, na msalaba ulishabebwa na binamu yangu. Mama hakunigombeza. Alinitazama sare, akasema, "Kula kwanza." Nilikula wali wa msibani nikilia, na watu wakadhani nalia kama wengine wote.

Mwaka uliofuata jina la yule mzee lilirudi kwenye orodha yetu, safari hii kupitia kwa wakala. Kule walikuwa wameshusha bei kidogo. Simlaumu, ana watu wake wa kuwapunguzia gharama. Meneja akaniambia, "Mrudishe bwana, wewe si bingwa?" Nikasema sawa, na sikumwandikia hata neno moja.

Mazishi yale yalipigwa video, kama mazishi yote ya siku hizi, na mimi niliikwepa kwa muda mrefu. Krismasi iliyopita, ukoo mzima umerudi nyumbani, mjomba akaiweka kwenye televisheni. Nikashindwa kuinuka. Msema chochote wa msiba anasikika akiita, "Mjukuu wa kwanza aje achukue msalaba." Hatokei mtu. Anaita tena. Mchungaji anatazama saa yake. Kisha mama anasogea kwenye kipaza sauti, anasema, "Naomba tumsubiri kidogo. Yuko hapo njia panda, ameniambia mwenyewe." Na watu wote wale wanasimama juani, jeneza likiwa mezani, manyunyu yakaanza na wao bado wamesimama. Mama ameligeuzia jeneza mgongo, anatazama barabarani.

Nilimgeukia pale kwenye kochi. Nikamwambia, "Mama, siku ile sikuwa njia panda."

"Najua," akasema. "Nilisikia wenzako wanawakaribisha wageni kwa Kizungu nyuma yako."

"Sasa kwa nini uliwasimamisha watu?"

"Nilidhani ukishanidanganya hivyo utaona aibu, utatoka kazini uje."