Yaya wa Kitabuni na Blanketi ya Mama Wambui

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, tukiwa darasa ya ngumbaru, ile ya watu wazima, hapa Kisumu. Mwalimu Auma alikuwa anatusomea hadithi ya upelelezi ya Uingereza ya kale, mambo ya farasi na ukungu, akitafsiri pole pole. Mkufu wa tajiri umeibwa. Sisi tulishaamua zamani mwizi ni nani.

"Ni yaya tu!" Mama Wambui, muuza mitumba, alikuwa anasema kila jioni. "Nani mwingine anaingia chumbani?"

Tunacheka, tunakubali.

Sasa jioni hiyo akaingia akimvuta yaya wake mwenyewe, Akinyi, msichana wa Asembo Bay, macho imevimba. Blanketi mpya haionekani.

"Si niliwaambia? Huyu amekiri kwa mdomo wake! Kutoka hapa ni polisi."

Mwalimu akafunga kitabu. "Akinyi, nyathina, mtoto wangu, ulimwambia nini? Neno lenyewe."

"Nilisema nimeosa."

"Mnasikia? Ameuza!"

"Mama Wambui, ngoja. Akinyi, umeuza ama umeosha?"

Msichana akasugua mikono hewani kama mtu anafua. "Nimeosa! Na sabuni! Mfereji ilikuwa kavu, nikapeleka ziwani. Iko kwa ua ya kanisa, inakauka."

Unatujua sisi Wajaluo, mwanangu, hiyo "sh" inatushinda. Tukaenda darasa nzima. Blanketi hiyo hapo, bado na maji kwa pindo.

Mama Wambui akaishika, akamgeukia msichana. "Pole, Akinyi. Kumbe ni masikio yangu inataka kuoshwa."

"Kuoswa, mama," Akinyi akamrekebisha, na machozi bado iko.

Mwalimu hakucheka. Alituangalia sisi wote. "Nyinyi mmemaliza kitabu kabla ya kukisoma."

Na baadaye tulipofika mwisho, hata kule Uingereza mwizi hakuwa yaya.

Unaniuliza mbona nasoma hivi vitabu vya zamani tena na tena, na mwisho naujua. Si wizi wala damu nafuata. Wazee walisema, mdhaniwa ndiye kumbe siye. Mle ndani kila mtu ananyoosha kidole, halafu kuna mmoja tu anakaa chini anauliza vizuri. Huyo ndiye narudi kumtafuta. Basi mwanangu, kabla hujamshika mtu kwa neno lake, muulize amesema nini.

Mungu akupe sikio la kungoja. Na siku wewe ndiye utavutwa mkono mbele ya watu, akuwekee hapo mtu wa kufunga kitabu na kukuuliza.