Visima vya Mwalimu Kisok na Foleni ya Pongezi

Bwana Tak mchapaji alileta nakala ya majaribio imefungwa kwenye kitambaa cha hariri, kama mtu aliyekuja kuposa. Bi Pyo alimkaribisha, akamtilia chai ya shayiri, akavaa miwani na kufunua jalada. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe. Wa pili mweupe. Akaendelea kufunua huku akilowesha kidole, mpaka kidole kikakauka.

"Bwana Tak," alisema, "mume wangu yuko wapi?"

"Yupo, mwalimu. Anaanza ukurasa wa kumi na saba."

"Na hizi kumi na sita ni za nini? Za kufungia samaki?"

Bwana Tak alicheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. "Ni za pongezi, mwalimu. Nimechapa vitabu vya koo zote za Dolcheon kwa miaka thelathini na minane, na hakuna hata kimoja kilichotoka bila kurasa za pongezi. Nimempigia simu katibu wa ukoo wenu nikamwambia nafasi ipo. Amefurahi kweli."

Bi Pyo aliweka kikombe chini taratibu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, alikuwa amefundisha lugha shule ya sekondari kwa miaka thelathini na mitatu, na hajawahi kumpandishia mtu sauti ndani ya nyumba ile. Hakutaka kuanza na mchapaji.

"Umempigia," alisema. "Kabla ya kuniuliza mimi."

"Nilidhani nakusaidia."

Kitabu kilikuwa cha mumewe, marehemu Mwalimu Eom Kisok, aliyefundisha jiografia. Kila Jumapili Mwalimu Kisok alipanda baiskeli akaenda kutafuta visima vya zamani. Alipima kina, akachora mawe, akaandika nani alichimba na nani alikuwa wa kwanza kuteka alfajiri. Mabomba yalipofika vijijini, visima vilifukiwa kimoja kimoja, naye akawa anakimbizana na lori la zege. Aliacha visima arobaini na vitatu katika madaftari saba. Alipokuwa hospitalini, ini likiwa limeshakataa dawa, aliandika kwa penseli juu ya daftari la kwanza: *Kianzie kisimani. Hotuba hapana.* Mtu aliyesimama juani maisha yake yote akisikiliza hotuba za wakuu wa shule alikuwa na haki ya kuomba hilo moja. Bi Pyo alimshika mkono, akamwahidi.

Kumbukumbu ya mwaka wa tatu ilikuwa tarehe ishirini, mwezi wa pili. Siku hiyo msiba ungefungwa, na kitabu kilitakiwa kuwa mezani mbele ya picha yake, pamoja na wali na samaki. Kikija baada ya hapo, kingekuwa kimechelewa hata kama ni kizuri namna gani.

Asingefika kwa Bwana Tak kama njia nyingine zisingemtoa jasho. Kwanza alijaribu kampuni moja ya Seoul inayotoa vitabu vya watu kwa gharama za wenyewe. Msichana wa kampuni alimwita "mwandishi wetu mpendwa" mara tisa katika simu moja. Baada ya wiki mbili wakarudisha sura ya kwanza. Kisima cha kijiji cha Neutgol, ambacho Mwalimu Kisok alikipima na kuandika kina chake, sasa kilikuwa "kimya kinachoukumbatia moyo uliojeruhiwa". Kitabu chenyewe walikuwa wamekipa jina: *Maji Yanayoponya*.

"Wasomaji wa siku hizi wanapenda kuponywa," msichana alieleza.

"Mume wangu alipima kwa kamba na jiwe," Bi Pyo alisema. "Hakumponya mtu." Akaaga vizuri, ndipo akakata simu.

Pili, binti yake Surin alikuja kutoka Daegu na kompyuta.

"Mama, hii ya mtandaoni ni bure. Tunapakia kitabu, mtu akiagiza nakala moja wanachapa moja. Humpigii mtu magoti."

Walikaa Jumamosi nzima. Pambizo zikagoma, ramani za visima zikalala ubavu, na walipofika mwisho kabisa mtandao ukadai mwandishi athibitishe kwa simu yake ya mkononi. Surin akapiga simu kuuliza.

"Mwandishi amefariki," alisema.

"Pole sana, dada," alijibu kijana wa upande wa pili. "Basi tafadhali athibitishe kwa simu yenye jina lake."

"Kaka, nimesema amefariki."

"Nimekuelewa kabisa. Kama simu ni tatizo, anaweza kufika ofisini na kitambulisho."

"Mwambie atakuja tarehe ishirini mwezi wa pili," Bi Pyo alisema kutoka kwenye kiti chake, "tukishampangia meza. Wao ndio waje hapa wamwone."

Ilikuwepo njia ya kupeleka vyeti vya kifo na vya urithi, ila ingechukua wiki sita. Hawakuwa nazo. Ndiyo maana akabaki Bwana Tak, mwenye mtambo wake nyuma ya soko, na kurasa zake kumi na sita.

Siku mbili baada ya ile nakala kuletwa, mlango uligongwa. Alikuwa Eom Dohyop. Dohyop alikuwa na miaka arobaini na minne na aliuza matrekta, lakini katika kitabu cha ukoo alikaa kizazi kimoja juu ya marehemu. Kwa hiyo Mwalimu Kisok alimwita baba mdogo tangu Dohyop akiwa na kamasi puani, na Bi Pyo naye vivyo hivyo, ingawa alimfundisha insha miaka miwili na anazikumbuka insha zenyewe.

"Mkazamwana, hujambo," Dohyop alisema akivua viatu. "Nimeleta dibaji."

"Sijambo, baba mdogo. Karibu." Bi Pyo alipokea bahasha. Ndani mlikuwa na kurasa nne na picha moja: suti, tai nyekundu, mkono juu umekunja ngumi. "Hapa unampiga nani?"

"Ah, hiyo ni ya kampeni. Si unajua nagombea uenyekiti wa ushirika wa wakulima? Uchaguzi mwezi wa tatu."

"Na mume wangu alikufa mwezi wa pili. Naona mmepangana vizuri."

"Utani wako, mwalimu, haujazeeka." Dohyop alikaa kitako, akajitia hamnazo. "Katibu ameshaandika orodha. Tuko kumi na wawili. Mimi ni wa kwanza, si kwamba napenda, ni kizazi ndicho kinachotaka."

Bi Pyo alisoma mistari ya mwanzo. Marehemu alipenda maji, Dohyop aliandika, na yeye akichaguliwa ataleta pampu katika kila kata. Alitamani kalamu nyekundu.

"Baba mdogo, marehemu ameandika kwa mkono wake kwamba hataki hotuba."

"Alikuwa mnyenyekevu, Mungu ampumzishe. Lakini ukoo mzima ukikaa kimya, watu watasemaje? Watasema tumegombana na mjane wake. Mimi nakulinda wewe, mkazamwana."

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Bi Pyo alijua kwamba akikataa, kesho yake sokoni ingesemwa kuwa mjane wa Kisok amewafungia mlango wakubwa wa mumewe. Jina la nyumba ile alikuwa amelitunza miaka arobaini na sita. Alilitunza mashamba yalipouzwa, alilitunza shemeji alipokimbia na fedha za watu, na hakuwa tayari liingie midomoni mwa wauza kabichi kwa ajili ya ngumi ya mwuza matrekta. Lakini ahadi aliyoitoa hospitalini nayo ilikuwa palepale.

"Kwa hiyo kinachoamua ni kizazi," alisema polepole.

"Ni kizazi. Si umri, si cheo."

"Umesema mwenyewe, baba mdogo. Kesho una gari?"

Kesho yake Dohyop alimwendesha mpaka nyumba ya wazee iliyo nje ya mji, tena kwa furaha, kwa sababu wazee wengi wa pale bado ni wanachama wa ushirika. Alisalimia kila kiti chenye magurudumu. Bi Pyo alimsubiri, kisha akamwongoza hadi chumba cha mwisho, kwa Bibi wa Saetteo.

Bibi huyu alikuwa mjane wa mdogo wa babu yake Mwalimu Kisok. Saetteo ni kijiji alichozaliwa, na tangu aolewe watu wamemwita hivyo, mpaka jina lake halisi likabaki kwenye vyeti tu. Alikuwa na miaka tisini na minne. Kusoma alijifunza akiwa na themanini na tatu, kwenye darasa la wazee la wilaya.

"Huyu nani?" aliuliza, akimtazama Dohyop.

"Ni mimi, mama mdogo. Dohyop."

"Dohyop yupi?"

"Wa nyumba ya ng'ambo ya daraja."

"Aaa, yule wa kuhara! Nilikubeba mgongoni mpaka kwa daktari, ukaniharibia nguo yangu ya sherehe. Nyeupe ile, haikutakata tena."

Muuguzi aligeuka upande akikohoa. Bi Pyo alipiga magoti, akainama mpaka chini, kisha akasema, "Bibi, kitabu cha Kisok kinatoka. Kwa kizazi, katika sisi tulio hai, wewe ndiye wa juu kabisa. Neno la kwanza ni lako."

"Lakini mkazamwana," Dohyop aliingilia, "mama mdogo amechoka. Dibaji ni kazi ya watu waliosoma..."

"Nimesoma," Bibi alisema. "Leteni kalamu."

Aliandika kwa nusu saa, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Herufi zilikuwa kubwa, kila moja imesimama peke yake. Bi Pyo alipopokea karatasi, alisoma kwa sauti:

"Kisok aliniuliza kisima cha kwetu Saetteo kilikuwa na kina gani. Nikamwambia ni pima tatu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza chochote cha kwetu."

Muuguzi aliacha kukohoa. Bi Pyo aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akaufunga.

"Bibi, wapo wengine kumi na wawili wanaotaka kuongeza baada yako."

"Kuongeza nini? Nimekosea?"

"Muulize baba mdogo."

Bibi alimgeukia Dohyop. "Wewe mtoto, nimekosea?"

"Hujakosea, mama mdogo."

"Basi."

Mchana ule Bi Pyo alimpigia katibu wa ukoo mwenyewe. Alimweleza kwa heshima zote kwamba mkubwa wa wote ameshasema, na kwamba yeyote anayetaka kusema baada yake aende kwanza akamwombe ruhusa. Hakwenda mtu. Bwana Tak alizitoa kurasa nyeupe huku akilalamika kwamba kitabu kitaonekana uchi.

Asubuhi ya tarehe ishirini maboksi yalifika, nakala mia mbili. Surin aliinua moja, na karatasi ikadondoka sakafuni. Aliinua ya pili, ikadondoka nyingine. Suti, tai nyekundu, ngumi. *Hongera kwa kitabu kipya cha ukoo wetu! Eom Dohyop, pampu katika kila kata.*

Bi Pyo alipiga simu nyuma ya soko.

"Alikuja mwenyewe, mwalimu," Bwana Tak alisema. "Kasema hiyo ni karatasi tu, si ukurasa. Kitabuni hamna neno lake, na ni kweli hamna."

"Na wewe ukazichomeka."

"Yeye ni baba mdogo wenu. Mimi ni nani nimkatalie?"

Surin alikuwa ameshika simu yake tayari. "Mama, nimpashe?"

"Siku ya baba yako? Weka hiyo simu. Shika kitabu kwa mgongo, kipindue, kung'uta."

Walikung'uta vitabu mia mbili mpaka mabega yakauma. Kila kitabu Bi Pyo alikitikisa kwa nguvu kuliko kilivyohitaji. Walipomaliza, jikoni kulikuwa bado hakujakaangwa kitu. Wakawasha moto, wakachovya vipande vya samaki na maboga kwenye unga na yai, wakaanza kukaanga.

"Mama, karatasi za kutandika kwenye ungo zimekwisha."

Bi Pyo alitazama lile rundo sakafuni. Dohyop alikuwa amebana matumizi: karatasi nyepesi, imechapwa upande mmoja.

"Nyuma ni nyeupe," alisema.

Dohyop alifika saa kumi, mkononi boksi la matunda ya pea. Alikiona kitabu mezani, akaona karatasi yake haimo, akaamua kutouliza. Akasogea kwenye ungo. Siku nyingine yoyote Bi Pyo angemtazama mtu anayegusa chakula kabla marehemu hajala mpaka mtu huyo atamani kuzama ardhini. Leo alimsogezea ungo. Dohyop alikula kipande kimoja, akala cha pili. Chini ya cha tatu mafuta yalikuwa yameingia vizuri, na kutoka kwenye weupe wa karatasi ikajitokeza ngumi, kisha tai, kisha uso wake mwenyewe, unang'aa.

"Mkazamwana... hizi..."

"Kula, baba mdogo. Zinapoa."

Surin alikimbilia uani.

Dohyop alitafuna muda mrefu. "Zote?" aliuliza.

"Zote. Zimetusaidia sana."

Akameza. Kisha, kwa kuwa mtu hazaliwi mara mbili akawa mwingine, akasema, "Sasa, vile vitabu, siwezi kupata hata thelathini vya kugawa ushirikani?"

Bi Pyo alifumba macho, akavuta pumzi, akayafumbua. "Kumi. Na utavigawa hivyo hivyo vilivyo."

Wageni walipokaa, alipiga magoti mbele ya picha, akakifungua kitabu, akakiegemeza kwenye bakuli la wali. Mistari mitatu ya Bibi wa Saetteo, kisha upande wa pili, bila mtu kati yao, mumewe: *Kisima cha Neutgol kina mita sita na nusu, na maji yake ni baridi hata mwezi wa nane.*

Nyuma yake Dohyop alisimama, akajikohoza kama mtu mwenye machache ya kusema.

"Baba mdogo," Bi Pyo alisema bila kugeuka.

Akamsikia akikaa.