Trela Lililobeba Nyumba Mbili

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mtu wa trela, na sikuwa nimeomba. Nililinunua kwa jirani mmoja wa Pickering, huku karibu na Toronto, ambaye daktari alimkataza kupanda pikipiki. Mkewe alitaka liondoke uwanjani kwao siku ileile, kabla mzee hajabadili mawazo. Lilikuwa trela la wapenda michezo. Mbele lina chumba kidogo chenye kitanda, jiko na sinki. Nyuma lina sehemu tupu kama gereji, na mlango wa nyuma unalazwa chini ukawa daraja la kupandishia pikipiki. Mwenye nalo huenda porini, akashinda akirusha matope, kisha akalala mlemle. Mimi sikuwahi kulala humo hata siku moja. Jumatatu hadi Ijumaa nilikaa mbele ya kompyuta Markham, na Jumamosi nikavuta vitu vya watu.

Ilianza kwa hisani. Mmoja amenunua pikipiki mnadani, mwingine anahama, mwingine ana mizigo ya kupeleka yadi ya makontena kule Mississauga isafiri kwenda Dar. Kwa watu wetu, ukiwa na chombo cha kubebea umekuwa mali ya umma. Ukikataa una roho mbaya, na habari hiyo itafika kanisani kabla yako. Nilikuwa napigiwa simu na watu nisiowajua kabisa, wanaanza na shikamoo ndefu, halafu, "Nimepewa namba yako." Nikishaitikia tu, Jumamosi yangu imeondoka. Mwaka wa tatu mgongo ukaanza kuuma. Mwaka wa tano mke wangu akawa anawaambia wageni kwamba mimi nimeoa wake wawili, na yule mwingine ana magurudumu manne.

Kitu kimoja trela lilinifundisha vizuri, nacho ni uzito. Kuna uzito ambao gari lako linaweza kuvuta, na kuna uzito ambao trela lenyewe linaweza kubeba. Hayo mawili watu wanayaelewa. La tatu hawalitaki hata ukiwachorea: ni wapi mzigo umekaa. Sehemu kubwa ikikaa mbele ya magurudumu ya trela, shingo yake inaikandamiza ndoano nyuma ya gari, na trela linakufuata kwa adabu. Ukijaza nyuma, shingo inanyanyuka. Hapo ukifika mwendo wa barabara kuu, trela linaanza kutikisa mkia, kushoto kulia, na likichachamaa linaweza kulipindua gari linalolivuta. Nilinunua kimizani cha kupimia shingo, na nikawa mkali kama askari wa mizani ya malori ya Kibaha. Mama mmoja alininunia mwaka mzima kwa sababu nilimshushia mifuko mitatu ya nguo mbele ya wenzake.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye sikuweza kumshushia kitu, na mtu huyo ni kaka yangu.

Kaka ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndiye aliyetangulia Toronto akaniita. Zamani alikuwa dereva wa malori njia ya Mbeya. Mlima wa Kitonga aliupanda na tani thelathini mgongoni, na hakuacha mtu asahau. Huku alisafisha ofisi Don Mills kwa miaka kumi na minane, mpaka magoti yakakataa. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, watoto wake wakubwa walikuwa Alberta na maisha yao. Alipoamua kurudi nyumbani moja kwa moja hakuna aliyeshangaa. Baba alituachia viwanja viwili Kibaha, vimepakana, na kaka alitaka turudi wote, tujenge, tuzeeke tukisalimiana dirishani.

Alianza kunisemesha habari hiyo kabla binti yangu hajazaliwa, na kila mara nilimjibu, "Tutaona, kaka." Kwetu hilo si jibu la kukataa. Ni jibu la mtu mwenye adabu anayesubiri mambo yajipange. Ukweli ni kwamba sikutaka kurudi. Mke wangu hakutaka, na binti yangu Kiswahili alikisikia lakini alijibu kwa Kiingereza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka, ila uchovu wangu ulikuwa umeshazoea hapa. Sikuwa na nguvu za kwenda kuanza uchovu mwingine. Ningeweza kumwambia hivyo siku yoyote katika miaka ile yote. Niliogopa sura yake, basi.

Wiki ya kupakia ilipofika, aliniomba nimwachie trela Ijumaa pale alipopanga chumba, Ajax, ili apakie mwenyewe na jamaa zake wa kazini. Nikamwachia. Nilikuwa nimetoka kazini kichwa kinauma, na kusema kweli nilifurahi kwamba mara moja mgongo wa mtu mwingine ungeinama.

Jumamosi asubuhi nilimkuta amevaa koti, amekaa juu ya ndoo, ananisubiri.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Funga tuondoke. Yadi wanafunga saa nane."

Nikazunguka nyuma, nikafungua mlango. Zilikuwemo pikipiki mbili za magurudumu manne, za shambani. Jenereta mbili. Mashine mbili za kuchomelea. Pampu mbili za maji. Na mlangoni kabisa, zimepangwa mpaka usawa wa kifua changu, boksi za vigae vya sakafu, fungu la rangi ya maziwa na fungu la kijivu. Nilisimama pale nikavihesabu viwili viwili kama mjinga. Sijifanyi kwamba sikuelewa. Nilielewa palepale.

"Kaka, mzigo wote umekaa nyuma," nikasema, maana hilo ndilo lililokuwa rahisi kusema.

"Ndipo panapotakiwa. Uzito ukae juu ya ekseli za nyuma, gari litulie."

"Hiyo ni lori, kaka. Trela magurudumu yake yako katikati."

Akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka tisa. "Bwana mdogo, Kitonga nimepanda mimi au wewe?"

Nilitoa kimizani changu, nikapiga goti kwenye baridi, nikapima shingo. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba ningeweza kuinyanyua kwa mikono. Na trela zima lilikuwa limelala matairi yamebonyea. Mtu mwingine yeyote ningemwambia shusha. Nilimtazama kaka na magoti yake mabovu, nikawazia kazi ya kutoa kila kitu na kupanga upya, na maneno ambayo yangetoka huku tukipanga. Nikafunga mlango. Nilijiambia nitaendesha polepole.

Polepole kwenye barabara kuu ya 401 ni ndoto. Malori yanakupita yanakusukuma kwa upepo wao, na wenye haraka wanakupigia honi. Tulipopita nyumbani kwangu Pickering trela lilikuwa linasukasuka kidogo. Tulipoanza kushuka bonde la mto Rouge, lori moja kubwa likatupita, na mkia ukaanza. Kushoto, kulia, kushoto tena, kila mara zaidi. Usukani ukawa hauna maana mkononi. Kaka akapiga kelele, "Kanyaga breki!" na hilo ndilo kosa linaloua watu. Niliachia mafuta, nikashika usukani usiyumbe, na kwa mkono wa kulia nikabana kile kiswichi karibu na goti kinachokamata breki za trela peke yake. Likavutwa nyuma kama mbuzi aliyeshikwa kamba. Likatikisika mara mbili, likanyooka.

Nikatoka barabara kuu kwenye njia ya kwanza ya kutokea, nikasimama. Nilimwona kaka ameshika mkanda wa kiti kwa mikono yote miwili. Sikuwahi kumwona kaka akiogopa ndani ya gari.

"Tunarudi kwangu," nikamwambia. "Tunapunguza."

Hakubisha. Tulirudi kwa Kingston Road kwa mwendo wa maandamano, tukaingia uwanjani kwangu. Mke wangu akatoka na kikombe cha chai, akaona sura zetu, akakirudisha ndani.

Nikamweleza kaka kwamba karibu nusu ishuke na iliyobaki isogezwe mbele. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akisugua goti, akawaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi shusha vyangu. Vyako viende."

"Vyangu?"

"Pikipiki nyekundu, jenereta ile mpya, vigae vya kijivu. Shemeji aliwahi kusema anapenda kijivu. Hivyo ni vyenu. Mimi peke yangu nitanunua vingine kule polepole. Wewe una mtoto, huwezi kufika ukaanza na sakafu ya udongo."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama mara moja, akaingia ndani, akaufunga mlango taratibu. Hakuwa na hasira. Aliniachia kazi yangu.

Nilitaka kuvuta muda. Nilifungua mkanda mmoja wa mzigo, nikaufunga tena. Mwisho nikakaa kando yake kwenye ngazi, na nikasema nikitazama viatu vyangu, "Kaka, mimi sirudi."

"Si mwaka huu, najua. Shule ya mtoto."

"Si mwaka wowote. Sikutaka toka zamani. Nilikuficha."

Kwa upande wa pili wa barabara jirani alikuwa anapuliza majani kwa mashine, na tulilazimika kusubiri mpaka azime. Nilimwambia anisamehe. Nikamwambia niliogopa. Niliongea mengi kwa sababu nilikuwa nimeanza, na mengi yalikuwa ya kujitetea, na nayaonea aibu mpaka leo.

"Miaka yote ile," akasema mwishowe. "Nilikuwa nikipiga deki nawaza tutafungua madirisha upande gani."

Nikalia. Mtu mzima, uwanjani kwake, saa nne asubuhi. Yeye hakulia. Alinipiga kofi dogo begani kama mtu anayemwamsha mwenzake kituoni, akasimama kwa kujikokota. "Haya. Yadi wanafunga saa nane."

Tulishusha nusu yangu. Boksi za kijivu zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, nikazibeba mbilimbili mpaka gereji, na kila safari niliipita ile pikipiki nyekundu ambayo kaka alikuwa ameshaiwekea kiti cha mtoto nyuma. Binti yangu akatoka, akasaidia kubeba vitu vidogo, akamuuliza kaka, "Baba mkubwa, are these ours?" Kaka akamjibu ndiyo, ni zenu, za hapa. Kisha nikasogeza vilivyobaki mbele ya magurudumu, nikafunga mikanda, nikapima shingo. Ilikuwa sawasawa. Kaka mwenyewe aliinama akakisoma kimizani, akatikisa kichwa, akasema kumbe.

Mpaka Mississauga trela lilitufuata kimya. Tulizungumza habari za foleni, na habari za dada mmoja wa kanisani aliyevunjika mkono. Tukafika saa saba na nusu. Msimamizi wa yadi alikuwa Mkenya wa makamo mwenye kofia ya sufu, na watu wake wakaingiza vitu ndani ya kontena harakaharaka. Kontena kaka alikuwa amelikodi zima. Pikipiki moja ikafungwa, jenereta ikafuata, pampu, mashine, vigae vya rangi ya maziwa. Halafu vitu vikaisha, na nyuma yake ikabaki nafasi kubwa, mbao tupu mpaka mlangoni.

Yule Mkenya akachungulia ndani, akatugeukia. "Wazee, space bado iko mingi. Kuna kitu ingine mnaleta? Nawangoja kidogo kama iko."

Kaka aliitazama ile nafasi, halafu akanitazama mimi, akakaa hivyo ananitazama, na nilijua ananiuliza kwa mara ya mwisho. Yule mtu akasubiri, mkono uko kwenye komeo.

Mimi ndiye niliyesema, "Funga."